Taarab yote ya baba kwenye kadi ya GB 32

Juzi msomaji mmoja kaniuliza: "Dada, umewezaje kuingiza nyimbo zote zile kwenye kisimu kile?" Swali limenifurahisha, sikatai. Kwenye harusi ya mdogo wangu kompyuta ya DJ ilizima, na kadi yangu ndiyo iliyochomekwa kwenye spika mpaka bibi harusi akatoka ukumbini. Waliozoea kuyacheka "makorokoro" yangu walikuwepo. Na walicheza.

Baba alituachia CD za taarab asilia, za vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Wimbo wa dakika 12 ukiutoa kwenye CD kama ulivyo unakula takriban MB 127, basi nikazipeleka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Kijana akazibana zote kwa 64 kbps, yaani kilobiti 64 tu kwa kila sekunde ya wimbo, bila hata kuniuliza. Ganuni, ile ala ya nyuzi, ikawa inalia kama mchele unaopetwa. Nilipolalamika akanijibu, "Dada, si nyimbo zenyewe za kizee?" Neno hilo mpaka leo limenikaa rohoni.

Ndipo nikajifunza mwenyewe. Kila CD niliigeuza kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa sauti yoyote, nikahifadhi kwenye diski ya nje. Nakala za simu nilizitoa humo kwa MP3 ya 192 kbps, na wimbo uleule ukashuka hadi MB 17. Programu ya fre:ac ni ya bure, inazifanya kazi zote mbili. Android inasoma pia Opus, aina nyingine ya faili la sauti, na kwa 96 kbps wimbo huo haufiki MB 9, ila kiswaswadu, simu ya vitufe, hakiijui. Mimi nimebaki na MP3.

Jamani, msibane kilichokwisha kubanwa! Mtu ana MP3 ya 128, anaigeuza kuwa 320 akidhani ameisafisha. Ameongeza uzito tu, kilichotupwa hakirudi. Na FLAC usifute. Narudia, usifute. Mnafuta ili mpate nafasi ya video za kuchekesha, halafu mnanitumia ujumbe mnalia! Diski ya nje inunue kabla ya simu mpya.

Wenye dansi la zamani lililorekodiwa kwa mono (sauti ya njia moja, si kushoto na kulia), chagueni mono kwenye programu. Hapo 96 kbps inatosha, na kadi inameza nyimbo mara mbili zaidi.