Siku niliyokaa chini ya mwembe

Baada ya uchaguzi mkuu wa Uganda wa Januari 2026, mwanafunzi wangu wa zamani aliniandikia ujumbe kutoka Kampala. Alinieleza, kwa fahari ambayo niliitambua mara moja, kwamba hakwenda kupiga kura kwa sababu katika orodha nzima hakumwona hata mmoja anayefaa, akaniuliza kama namlaumu. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nimeshindwa, kwa kuwa kosa hilo nimelitenda mara mbili, na mara ya pili bado inaniuma.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Februari 2016, katika kituo chetu hapa Oli, Arua. Nilipewa karatasi ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya mbunge mwanamke wa wilaya, na juu ya kila moja nikaandika, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, "Hakuna anayefaa." Nilitoka na wino kidoleni nikijiona mtu mwenye msimamo kuliko mtaa mzima. Jioni nilirudi kushuhudia hesabu, maana kura zetu huhesabiwa hadharani pale pale kituoni, na kusema kweli nilirudi ili nisikie maneno yangu yakisomwa. Msimamizi aliinua karatasi yangu, akakunja uso, akatamka "batili," kisha akaiweka juu ya karatasi ya mtu aliyebandika dole gumba katikati ya wagombea wawili. Hakuna aliyeisoma. Kura batili za urais mwaka ule zilikuwa 477,319 nchi nzima, na hakuna awezaye kusema ni ngapi ziliandikwa kwa hasira na ngapi ni za wazee waliotetemeka mikono.

Nilipoisoma Katiba baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kifungu cha 103 kinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura halali. Kura iliyoharibika haimo katika hesabu hiyo kabisa. Kwa kuondoka kwake, asilimia ya kila mgombea inapanda kidogo, akiwemo yule uliyemkusudia kumwaibisha. Kukaa nyumbani nako hakuna nguvu zaidi. Mwaka 2021 tulioandikishwa tulikuwa 18,103,603, na waliopiga kura walikuwa 10,744,319. Waliobaki nyumbani walizidi milioni 7, wakati mshindi alipata kura milioni 6 na kidogo, lakini sheria haikuwauliza kitu. Kolombia kura tupu, yaani zisizomchagua yeyote, zikizidi nusu ya kura halali, uchaguzi hurudiwa kwa wagombea wengine. India nao, tangu 2013, wana kitufe cha kuwakataa wote, ingawa mgombea anayeongoza huchukua kiti hata kitufe hicho kikimshinda. Sisi hatuna hata hicho kitufe.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 10 Julai 2018, tulipowachagua wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, baada ya miaka 17 bila uchaguzi huo. Hapo hapakuwa na karatasi. Kila mtu alijipanga nyuma ya mgombea wake, akahesabiwa kama mbuzi wa mnadani. Wagombea wetu walikuwa wawili, na wote wawili sikuwapenda: mmoja alikuwa mlevi mwenye huruma, mwingine hakunywa kitu ila alikuwa na kinyongo. Nikaenda kukaa chini ya mwembe. Watu walinigeukia, na mama mmoja jirani akaniita mbele ya wote, "Mwalimu, wewe mstari wako upi?" Nikajibu kwamba sina mstari. Walicheka, nami nikacheka nao, nikidhani tunacheka pamoja.

Mwenye kinyongo alishinda kwa watu wanne. Nyumbani kwangu peke yake tulikuwa wapiga kura watano, na wanne walikuwa wakinitazama mimi niende wapi.

Nani asiyeijua barua ya LC? Ukitaka kitambulisho cha taifa, ukitaka kufungua akaunti benki, ukitaka kuuza kipande cha ardhi, huna njia ila mlango wa mwenyekiti. Nilipoihitaji kwa ajili ya binti yangu nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, akitafuta muhuri taratibu, kwamba siku ile aliniona vizuri pale mwembeni. Jina lake silitaji, na barua hatimaye alinipa, lakini naandika haya miaka mingi baadaye na bado nasikia ile droo ikifunguliwa na kufungwa.

Kwa hiyo, kijana wangu, na wewe unayesoma ambaye bila shaka unataka nchi inayokwenda sawa kama ninavyotaka mimi, ushauri wangu ni kuanza mapema. Siku ya kura umeshachelewa. Wagombea tunaowachukia huzaliwa katika kura za mchujo ndani ya vyama, nasi waadilifu hatuendi kwa sababu tunaogopa kuchafuka. Anza mapema, na ushuke chini. Ukiwa umechelewa, chagua hata hivyo, na usiulize nani mwema. Uliza ni yupi utakayeweza kumbana baadaye. Usitegemee kumwondoa mbunge katikati ya muhula, kwa kuwa kifungu cha 84 cha Katiba kinachoruhusu wananchi kumrudisha nyumbani kilifungamanishwa na mfumo wa zamani wa Movementi, usio wa vyama, na katika mfumo wa vyama vingi hakifanyi kazi. Mpiga kura wa kawaida anaweza kupinga ushindi wa mbunge mahakamani akiungwa mkono na saini 500 za wapiga kura wa jimbo, lakini hayo ni kwa uchaguzi ulioharibika, si kwa mgombea asiyependeza.

Mwaka 2021 nilijaribu kuufuata ushauri wangu mwenyewe. Majirani tisa na mimi tuliwaita wagombea udiwani waje chini ya ule ule mwembe watueleze watafanya nini kuhusu mfereji unaofurika kila mvua za Aprili. Alikuja mmoja tu, tena si yule niliyemheshimu. Tulimpigia kura wote kumi, na kila baada ya miezi michache tulimfuata tukiwa wote kumi, mpaka akawa akituona kwa mbali anaanza kueleza kabla hatujauliza. Mfereji ulichimbwa hadi nusu, ukaishia mlangoni pa duka la vipuri vya bodaboda, na mpaka leo umeishia hapo.

Mwanafunzi wangu nimemwomba jambo moja. Anipe jina la mwenyekiti wa LC1 wa anakoishi, bila kumwuliza mtu. Siku nne zimepita, hajajibu.