Hiyo "tutafutane" ndo inakumaliza mwanangu

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nilihamia huu mji miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya kazi. Kazi iko mwisho mmoja wa mji, nalala mwisho mwingine, kwenda masaa mawili na kurudi mawili. Simu ina majina mia nne na kitu. Juzi nimenunua kitanda, nikawa nakifunga mwenyewe, nikahitaji mtu wa kunishikia upande wa pili, nimepekua majina yote kuanzia A mpaka Z nikakosa wa kumpigia. Nikashikilia kwa goti. Sasa kinalia kila nikijigeuza, na goti limevimba, mtu pekee aliyeniuliza mbona nachechemea ni jirani wa chini. Watu nikikutana nao wanafurahi kabisa, wanasema tutafutane, halafu kimya. Nina kasoro gani shangazi?" – Mpweke wa ghorofa ya tatu

Marahaba mwanangu, na pole ya goti.

Hilo la kasoro liache kwanza. Mwenye kasoro anakimbiwa, haambiwi tutafutane. Shida ya hilo neno ni kwamba halina mwenyewe, wewe unasubiri utafutwe na mwenzio naye anasubiri hivyohivyo, mwezi unakatika, miwili, mnakuja kugongana kwenye shughuli ya mtu mnakumbatiana weee, jamani umepotea, haya basi tutafutane. Na kila mmoja anarudi kwake akiamini mwenzie ndo hana muda nae. Kuna watafiti kina Erica Boothby walilipima hili mwaka 2018, wakakuta watu wakishaongea na mtu mgeni huwa wanadhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Kwahiyo hicho kichwa chako kinachokwambia hawakutaki, usikiamini sana.

Sasa tuje kwenye umbali maana hapo ndo penyewe. Mwaka huohuo 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alifuatilia watu, wengine wamehamia mahali papya kama wewe, akaona inachukua kama masaa 50 ya kuwa pamoja mpaka mtu wa kufahamiana tu awe rafiki wa kawaida, 90 mpaka useme huyu ni rafiki yangu, na wa kufa na kuzikana ni zaidi ya 200. Na masaa ya kufanya kazi pamoja hayana nguvu sana, ndo maana wenzio wa ofisini unawajua mpaka vikombe vyao na bado kitanda umekifunga na goti.

Piga hesabu basi. Mkionana masaa mawili kila mwezi hayo 50 yataisha baada ya miaka miwili na mwezi. Mkionana masaa mawili kila wiki ni nusu mwaka. Sasa mtu anakaa mwisho wa mji, kumfuata tu ni safari, nani ataweza kila wiki? Utaenda mara mbili, ya tatu umechoka, ya nne imenyesha mvua, basi. Utasema urafiki umekufa kumbe ulikuwa haujazaliwa bado.

Mimi mwenyewe nilishafanya huo ujinga, nikajiandikisha darasa la kuchora zuri sana, watu wangu kabisa, ila ni magari mawili kwenda. Wiki ya tano nikaacha na sikumuaga mtu. Baadae nikaanza kwenda kucheza wavu kiwanjani dakika kumi kwa mguu kutoka kwangu, na mpira wenyewe siujui mpaka leo, ila nilikuwa nafika. Kila Jumamosi, nimelala vizuri ama vibaya, nafika. Mwezi wa kwanza hakuna aliyenijua jina, mwezi wa tatu nikikosa wanauliza yule wa kupiga nje yuko wapi.

Kwahiyo chagua kitu kimoja tu, kiwe karibu na unapolala au kwenye njia yako ya kurudi, kiwe na siku yake na saa yake ili asiwepo mtu wa kuombwa apange. Mazoezi, kwaya, kujitolea, chochote. Usiangalie kama watu wake wanafanana na wewe, angalia kama utafika hata siku ukiwa hoi. Na jipe miezi minne kabla hujaanza kulalamika kwangu tena.

Wale wa mbali unaowapenda kweli chagua wawili, sio mia nne. Hao badala ya tutafutane waandikie meseji yenye siku, "Jumapili saa kumi napita upande wako, nina lisaa limoja, utakuwepo?" Akisema hawezi taja siku nyingine mara moja. Akishindwa mara tatu na yeye hajataja yake, muache apumzike, huo sio ugomvi. Kutafuta kila siku wewe kunaudhi, najua, lakini kwenye mji mkubwa lazima mmoja awe kiherehere, na kwa sasa ni zamu yako.

Halafu kuna mtu umempitia kwenye barua kama hayupo. Mwaka 1950 kina Leon Festinger walitoa utafiti wa nyumba za wanafunzi wenye familia Marekani, wakakuta urafiki unafuata milango na ngazi, watu wanashibana na wa mlango wa pili na wale wanaopishana nao kila siku. Wewe umepekua simu nzima A mpaka Z na mtu aliyeona unachechemea yuko chini ya sakafu yako, na huenda na kitanda anakisikia.

Kesho mkikutana kwenye ngazi usimwambie tutafutane. Mwambie kitanda kinalia, apande dakika kumi akushikie upande ule ukaze nati.