Jalidi ya Mei: kwa mnaoanza kulima Vermont

Ninyi mliofika Vermont, hapa Marekani, wakati wa theluji na sasa mnaona miti inachipua, najua mikono inawawasha. Trei za nyanya ziko dirishani, miche imeanza kurefuka na kuinama kufuata jua, na jirani ameshatoa mashine yake ya kukata nyasi. Kila kitu kinakwambia panda. Nami niliambiwa hivyohivyo na jua la Mei, nikalisikiliza.

Mimi ni mtu wa Makete, Tanzania. Nimekulia karibu na uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa saba unaweza kuamka ukakuta nyasi nyeupe na maji ya ndoo yameshika utando wa barafu. Kwa hiyo nilipopata kipande cha bustani bondeni, kando ya Mto Winooski, na wenzangu wa Uvira na Bujumbura wakaniuliza habari za jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku juu ya majani ambayo wengine huiita sakitu, nilijibu kwa kujiamini kama bwana shamba. Sikujua kitu kimoja. Kwetu jalidi huja katikati ya kipupwe, wakati kila mtu ameshavaa sweta na anaitegemea. Huku inayoua miche ni ile inayorudi baada ya baridi kuaga, usiku mmoja tu, halafu kesho yake jua linawaka kama halijui lolote.

Ilikuwa 2023. Katikati ya Mei nilihamishia shambani miche 46 ya nyanya na mistari miwili ya nyanya chungu, zile Warundi wanazoziita intore. Usiku wa kuamkia tarehe 18 baridi ikashuka chini ya kiwango cha kuganda sehemu kubwa ya jimbo. Wenye mashamba ya matufaha, ambao miti yao ilikuwa kwenye maua, walipata hasara kubwa, na wa zabibu vilevile. Mimi alfajiri nilikuta miche yangu imesimama wima, nikashukuru. Jua lilipopanda, majani yakalegea na kuiva rangi kama mchicha uliotoka kwenye sufuria, na kufika jioni yalikuwa meusi. Mama mmoja wa Uvira, ambaye kipande chake kimepakana na changu, alikuwa bado na trei zake zote nyumbani. Shambani alikuwa na vitunguu na sukuma wiki tu, na havikudhurika. Alinitazama akasema, "Baba, nilikuambiaka: acha kwanza huu mwezi uishe." Kweli aliniambia.

Basi anzeni hapo. Wenyeji wengi huku huhamisha nyanya shambani karibu na Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya mapumziko ya kuwakumbuka wanajeshi waliofia vitani, na mtu anayelima hapa miaka mingi hasukumwi na joto la wiki moja. Mkiwa Burlington karibu na Ziwa Champlain mna nafuu kidogo, kwa kuwa ziwa hulegeza baridi ya usiku. Mkienda ndani, milimani au kaskazini-mashariki ya jimbo, jalidi inaweza kuwakuta hata Juni. Usichukue tarehe ya rafiki yako wa mjini ukaipeleka kwenye bonde lako.

Tena si kila zao linahitaji kusubiri. Sukuma wiki, kabichi, vitunguu, njegere na spinachi huvumilia jalidi nyepesi, kwa hiyo vipandeni mapema mtulize hiyo mikono. Wanaokufa ni watoto wa joto: nyanya, pilipili, biringanya, bamia, maharage, maboga, na mchicha wetu, ule Wakongo wanaouita lengalenga. Hawa hata bila kuganda hawapendi udongo baridi. Mche wa nyanya uliowahishwa kwenye udongo wa baridi unakaa tu pale umenuna, na ule uliopandwa wiki mbili baadaye unaukuta na kuupita. Nimeshaona mara tatu sasa. Hiyo haraka haina faida hata usiku wa jalidi usipotokea.

Lakini mtapanda mapema kidogo, nawajua, na hata mkisubiri kuna mwaka mtashtukizwa. Kwa hiyo jifunzeni kuusoma usiku kabla haujaingia. Mchana haukusaidii. Toka nje saa moja jioni uangalie mambo matatu: mbingu ni nyeupe bila wingu, upepo umetulia kabisa, na hewa ni kavu. Yakikutana yote matatu, ardhi itapoteza joto lake kwenda juu bila kizuizi. Wingu lingelirudisha chini, upepo ungechanganya hewa ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi, na umande ukitunga ungeachia joto kidogo. Usiku mtulivu wenye nyota nyingi, ambao kwetu ungekaa nje ukapiga hadithi, huku ndio wa kuogopwa.

Utabiri wa simu usome, ila ujue unachosoma. Hapa nyuzi ni za Farenhaiti na maji huganda kwenye 32. Idara ya hali ya hewa ikitoa tangazo la Frost Advisory maana yake inategemea nyuzi 33 hadi 36 na jalidi juu ya majani. Freeze Warning, yaani onyo la kuganda, ni 32 kushuka chini. Mgeni huuliza: itakuwaje jalidi kwenye 36 wakati maji hayajaganda? Ni kwa sababu kipimo chao kimewekwa futi 5 au 6 juu ya ardhi, na mche wako una urefu wa kiganja. Usiku wa namna hiyo hewa nzito ya baridi hulala chini kabisa, na jani linaweza kuwa na baridi kuliko kipimo kwa nyuzi kadhaa. Nilinunua themometa ya bei rahisi nikaiweka juu ya tuta lenyewe. Iliniaibisha usiku wa kwanza tu.

Baridi hiyo pia inatiririka kama maji. Inateremka mteremko na kutuama bondeni, na ikikuta uzio mnene au kichaka upande wa chini inajaa pale kama bwawa. Kipande changu ndicho hicho bwawa. Mwenye sehemu ya mteremko anaweza kusalimika usiku uleule ninaoathirika mimi, hatua mia kutoka kwake.

Sasa kufunika. Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa kudhani shuka linaupa mche joto kama linavyompa mtu. Mche hauna joto la kutunza. Joto lipo kwenye udongo, limeingia mchana, na kazi ya kitambaa ni kulizuia lisipotee. Kwa hiyo usiufunge mche shingoni kama mfuko wa zawadi. Fanya kama unavyochomeka chandarua: kitambaa kishuke mpaka chini pande zote, kingo zikandamizwe kwa mawe au udongo, kusiwe na mwanya. Kiinue kwa vijiti au waya uliopindwa upinde ili kisiguse majani, maana jani linaloshikana na kitambaa hupitishiwa baridi, na likigusana na nailoni ndiyo kabisa.

Funika kabla jua halijazama. Ukifunika saa nne usiku umefungia baridi. Baridi kali kuliko zote ni ile ya alfajiri, karibu na jua kuchomoza, hivyo usije ukaamka saa kumi ukaona hali ni shwari ukafunua. Asubuhi kukishapata joto ndipo uondoe, la sivyo miche inaungua humo ndani. Shuka kuukuu za madukani mwa mitumba zinatosha. Kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia matuta ni kizuri zaidi kwa mwenye eneo kubwa, ila chembamba chake kinakupa nyuzi 2 hadi 4 tu, kinene labda 6 au 8. Usiku kama ule wa 2023 kitambaa chembamba peke yake kisingeniokoa. Magaloni ya maziwa msiyatupe: likatwe kitako, ufunike mche mmojammoja, kifuniko ukifungue mchana. Mengine yajazwe maji na kulazwa kati ya mistari chini ya kitambaa, yanaachia joto pole pole usiku kucha.

Mchana wa kabla, mwagilia udongo. Udongo mkavu umejaa hewa na hautunzi joto, wenye unyevu hulibeba vizuri. Na hapa nawapinga waliotufundisha kuwa matandazo ni mema siku zote. Majani makavu yaliyotandazwa mapema huzuia jua lisiingie ardhini mchana na joto lisitoke kuufikia mche usiku. Mimi sitandazi mpaka Juni.

Mtawasikia wenye mashamba makubwa wakizungumzia kunyunyizia maji usiku mzima. Ni kweli inafanya kazi, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto, lakini ni lazima yasikatike mpaka barafu iyeyuke. Ukiwa na bomba la bustani na usingizi, achana nayo. Ukiyakata katikati ya usiku, maji yanayokauka juu ya majani yatazidisha baridi.

Miche ya dirishani iandaliwe pia. Wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuihamisha, itoe nje kwa muda wa saa mbili tatu kivulini, kila siku iongezee muda na jua, na ipunguzie maji kidogo. Haitakuwa sugu kwa jalidi, ila haitazimia kwa upepo wa kwanza. Na usipande yote siku moja. Mimi hubakiza nusu ndani, juu ya friji, mke wangu analalamika.

Jalidi ikikupata hata hivyo, usiing'oe miche siku hiyohiyo. Viazi vilivyoungua majani huchipua tena kutoka chini. Mahindi madogo yenye majani manne matano hurudi, kwa sababu kiini chake cha kukulia bado kiko chini ya udongo. Nyanya subiri siku nne, huenda ikatoa chipukizi penye shina lililo hai. Haragwe lililokatika chini ya yale majani mawili mazito ya mwanzo limekwisha, panda mbegu nyingine, bado kuna muda.

Shuka zikishafanya kazi yake fueni, zikauke, mzikunje mahali mnapopakumbuka. Mwisho wa Septemba, bamia zikiwa bado zinabeba, mtazitafuta tena.