Usiukaze huo uzi wa sita! Tyuna kuandika B hakumaanishi gitaa limelegea

Mkuu, toa mkono kwenye ufunguo wa gitaa, kile kinachozungushwa kukaza uzi, kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nimerudia ulichoandika mara mbili nisije nikawa nimekuelewa vibaya. Umesema umebana tyuna, kile kifaa kinachoandika jina la sauti ya uzi kwa herufi, kwenye kichwa cha gitaa, ukapiga uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ikaandika B badala ya E. Ukasema kwa sikio lako uzi "unalia kawaida tu", lakini kwa kuwa tyuna imesema B, kesho ukitulia utaukaza polepole mpaka iandike E. Halafu umeuliza tyuna hiyo inatumia betri gani. Hilo nitalifikia. Hili la kwanza limenifanya niache kila nilichokuwa nafanya, maana sentensi yako hiyo niliwahi kuisema mimi, neno kwa neno, na ikang'oa daraja la gitaa la mjomba wangu, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye ubao wa mbele.

Lilikuwa gitaa la nyuzi za chuma, la zamani kuliko mimi. Mjomba alikuwa anasafiri kwa muda mrefu, akanikabidhi akisema, "Mpwa wangu, lipige, lisikae kimya." Nami kwa kutaka kulitunza vizuri nikaenda kununua tyuna ya kubana. Yule aliyeniuzia aliibana kwenye gitaa la pale dukani, akagusa uzi mmoja, kioo kikawaka kijani, akanipa na somo la bure: "Hii haikosei. Wewe fuata herufi tu. Ikiwaka kijani, umemaliza."

Nimefika nyumbani, nikabana, nikapiga uzi wa sita. B. Nikadhani haijasikia vizuri, nikapiga tena kwa piki, kile kibapa kigumu cha kupigia nyuzi, kwa nguvu, karibu kabisa na daraja. B, tena ya kijani kibichi. Nikasema basi, gitaa limekaa siku nyingi bila kupigwa, uzi umeshuka. Nikaanza kukaza. C. C shapu. D. Nikaendelea, karibu mizunguko mitatu ya ufunguo, mpaka kioo kikaandika E na kuwaka kijani. Nikahamia uzi wa tano, ambao unatakiwa kuwa A. Ukasoma E. Na huo nikaukaza mpaka ukasoma A. Wa nne ukasoma D bila shida, na zilizobaki zikasoma sawa, nikafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana ndicho kinachotokea kwako.

Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Unatikisika mzima, na wakati huo huo unatikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake. E ya uzi wa sita ni mitikisiko 82.4 kwa sekunde. Theluthi za uzi huo zinatikisika mara tatu ya hapo, yaani 247 hivi, na 247 ndiyo B. Sikio la binadamu linazipokea zote kwa pamoja na kukwambia hii ni E. Tyuna ya kubana haina sikio. Ndani ya kile kibanio kuna kipande kidogo cha piezo kinachogeuza mtikisiko wa mbao kuwa umeme, na tyuna inasoma mtikisiko uliofika pale ukiwa na nguvu. Ndiyo maana inafanya kazi hata watu wakiwa wanapiga kelele chumba kizima, na kwa hilo naisifu. Lakini kichwa cha gitaa ni kipande kidogo, kigumu. Mtikisiko mzito wa 82 unaweza kufika pale ukiwa dhaifu sana, na ule wa 247 ukafika umechangamka. Ukipiga kwa piki ngumu karibu na daraja ndiyo unazidi kuzipa nguvu hizo sauti za juu. Tyuna inaandika B, na kwa upande wake haijadanganya: B imo kweli ndani ya uzi wako. Ila uzi wenyewe uko E.

Kwa hiyo ile E yangu ya kijani ilikuwa mitikisiko 330. Igawe kwa tatu: 110. Hiyo ni A! Uzi wa sita niliupandisha kutoka E mpaka A, na wa tano kwa mtindo huo huo kutoka A mpaka D. Mvuto wa uzi haupandi sambamba na sauti, unapanda kwa kipeo chake cha pili. Kutoka E hadi A unaongeza karibu asilimia 78 ya mvuto kwenye uzi mmoja. Seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma inalivuta daraja kwa nguvu ya karibu kilo 70 tayari, zote sita zikiwa sawa. Juu ya hapo mimi nikaongeza mvuto mwingine kwenye nyuzi mbili nene, juu ya gundi ya miaka mingi.

Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba dalili zote nilizisikia. Ufunguo ulikuwa unalia kriii kila nikizungusha. Uzi wa sita ukawa mgumu, kidole kinabonyea kabla uzi haujashuka kwenye freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Nilipopiga uzi wa tano na wa nne mfululizo, zikatoa sauti moja, kama mtu anayeitika mara mbili. Nyuzi mbili jirani, sauti ile ile! Nikakunja uso, nikatazama kioo, kioo kijani. Nikaamini kioo.

Usiku nikasikia mlio mmoja kutoka chumba cha pili, kama mtu kakanyaga fito kavu. Asubuhi daraja lilikuwa limeinuka upande wa nyuma. Nilichukua kipande cha karatasi nikakisukuma chini yake, kikaingia mpaka karibu na pini za nyuzi. Ubao wa mbele umevimba, ukiinamisha gitaa kwenye mwanga unaiona nundu kabisa. Na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo fundi alisema ndilo lililomaliza kazi: sikulegeza nyuzi. Niliogopa kuligusa. Nikaliacha vile vile siku mbili nikitafuta fundi, na siku zote hizo mbili lilizidi kubanduka. Fundi alipolipokea hakuuliza nani kafanya. Aliuliza tu, "Ulilegeza?" Ikabidi alipashe daraja moto alitoe lote, na lilipotoka liliondoka na nyuzinyuzi za mbao ya ubao wa mbele. Akakwangua gundi ya zamani, akaziba, akaligandisha upya na kulibana kwa vibanio. Malipo yake yalikuwa mara nyingi ya bei ya tyuna. Mjomba aliporudi alikaa nalo sebuleni, akapiga uzi wa sita peke yake, akausikiliza mpaka ukanyamaza. Akasema, "Sauti yake ya chini imepungua." Hakusema lingine, na mimi sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo nina hasira, na sifichi, na kila muuzaji na kila mwalimu wa video anayewaambia wanaoanza "fuata kijani". Kwenye hali ya kromatiki, yaani ile inayosoma sauti zote na si za nyuzi sita tu, tyuna inawaka kijani kwenye kila nusu-hatua, mara 12 ndani ya oktava moja, yaani kutoka E moja hadi E inayofuata juu yake. Kijani maana yake ni kwamba kilichosomwa kiko katikati ya herufi iliyoandikwa pale, basi. Hakisemi ni herufi ya uzi huo, na tyuna nyingi hazikwambii hata ni E ya chini au E ya juu. Mtu anayeuza kifaa hiki kila siku anajua hilo, au anatakiwa kulijua. Kulieleza kunachukua dakika moja. Mimi ile dakika moja niliilipia kwa fundi.

Sheria yangu ni moja na sitaiacha: sikio likubali kwanza, ndipo ufunguo uzungushwe. Kama nyuzi si mpya na gitaa jana lilikuwa linaimba vizuri, hakuna sababu uzi mmoja ushuke nusu-hatua tano usiku kucha. Ukiona tyuna inataka uzungushe zaidi ya nusu mzunguko, simama. Kabla ya kugusa chochote fanya haya.

Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tano, uupige, kisha upige uzi wa tano ukiwa wazi. Zikilia sawa, au tofauti ikiwa ndogo, uzi wa sita haujaenda popote. Wa tano kwenye freti ya tano unalingana na wa nne, wa nne na wa tatu hivyo hivyo. Wa tatu ndio unabonyezwa freti ya nne kupata wa pili, halafu wa pili unarudi freti ya tano kupata wa kwanza. Watu walityuni magitaa hivi kabla hizi tyuna hazijafikiriwa.

Ukitaka tyuna nayo isome sawa, weka piki pembeni. Tumia nyama ya kidole gumba, taratibu, na upige pale tundu la sauti linapokutana na shingo, usawa wa freti ya 19. Hapo ni theluthi ya urefu wa uzi, na uzi ukipigwa kwenye theluthi yake ile sauti ya theluthi haipati nafasi ya kuamka. B itapotea, utashangaa. Shika nyuzi nyingine kwa kiganja zisiitikie. Ikiendelea kubisha, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, piga, na uachie: inatoka ile sauti nyembamba kama kengele, oktava moja juu, na hapo theluthi imezimwa kabisa. Uzi wa sita ulio sawa utaandika E. Jaribu pia kuhamisha kibanio, kishike mbao yenyewe vizuri, kisining'inie kwenye ufunguo.

Na tazama namba kwenye kioo. Iwe 440, yaani mitikisiko kwa sekunde ya A ambayo tyuna inapimia sauti nyingine zote; ndiyo A ya kimataifa kwa kiwango cha ISO 16 cha mwaka 1975, cha shirika la viwango la kimataifa. Kitufe cha kuibadilisha ni rahisi kukibonyeza bila kujua. Ikisoma 445, gitaa zima litapanda karibu sehemu moja ya tano ya nusu-hatua, na utakapokaa na wenzako mtabishana nani amekosea.

Betri, nyingi zinatumia ile ya duara bapa, CR2032. Ikichoka, kioo kinafifia na herufi zinarukaruka, na herufi zinazorukaruka ndizo zinazomfanya mtu azungushe ufunguo ovyo. Kwa hiyo tunarudi pale pale.

Na kama ulishaanza kukaza kabla hujasoma hapa, usingoje kesho. Legeza sasa hivi, uzi wa sita kwanza, kisha nyingine kidogo kidogo, halafu pitisha pembe ya karatasi chini ya daraja upande wa nyuma. Isipoingia, mshukuru Mungu. Ikiingia, legeza zote kabisa, umtafute fundi, na usilipige.

Kama hujakaza, bonyeza freti ya tano, linganisha na uzi wa tano, urudi hapa utuambie. Usiniandikie kioo kimesema nini, mkuu. Niandikie umesikia nini.