Muulize Mzee wa Barabara: Nitoke Fargo lini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Marangu, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Fargo, North Dakota. Mwaka jana nilikata tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi: Minneapolis, Amsterdam, KIA. Wiki nzima nilishinda na simu mkononi. Jumatatu ikasema inchi 3 za theluji, Jumanne ikasema 9, Jumatano ikasema hakuna kitu. Nikasubiri nipate uhakika. Alhamisi, siku yenyewe ya safari, naamka jua linawaka, mbingu buluu, hakuna hata chembe inayoanguka. Nafika barabara kuu, geti limefungwa! Ndege ikaruka Minneapolis kwa wakati wake, mimi niko Fargo na masanduku mawili. Mwaka huu nina tiketi ya tarehe 20 Desemba jioni. Mama ameshaambiwa. Nitajuaje siku ya kutoka?
— *Mmarangu wa Fargo*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Masanduku mawili yale najua yalivyokuwa mazito.

Kosa lako ni dogo, na hata mimi nililifanya nikiwa na miaka mitatu kwenye lori. Ulikuwa unaiuliza simu theluji itaanguka kiasi gani. Kilichofunga barabara ni upepo. Bonde la Mto Red, ambamo Fargo imo, ni tambarare kama meza, halina mti wala kilima cha kuuzuia. Theluji iliyoanguka wiki iliyopita inalala pale mashambani, laini kama unga wa sembe. Upepo wa kaskazini-magharibi ukija unaizoa yote na kuipeleka barabarani. Ukiangalia juu ni buluu. Ukiangalia mbele huoni bonneti ya gari lako. Hata wataalamu wanapoiita hali hiyo dhoruba ya theluji hawaulizi kama kuna inayoanguka. Wanauliza kama upepo umefika kilomita 56 kwa saa, kama macho hayafiki mita 400, na kama hali hiyo imedumu saa 3.

Siku yangu mimi ilinikuta karibu na Barnesville, sijafika hata nusu ya njia ya kwenda Fergus Falls. Bwana aliyekuwa akitupangia safari alinipigia: “Kwangu hapa jua, wewe umesimama kwa nini?” Nikashusha kioo nimsikilizishe upepo. Nililala pale saa 11, ndani ya kichwa cha lori, na chapati mbili za mke wangu.

Sasa tuje kwenye tarehe 20. Siku tano kabla, dhoruba unayoiogopa mara nyingi bado iko juu ya Bahari ya Pasifiki, ambako vipimo ni haba. Kompyuta zinakisia njia yake, na ikihama kilomita 80 tu, theluji iliyokuwa ya Fargo inakuwa ya Fergus Falls. Ndiyo maana simu yako ilisema 3, halafu 9, halafu sifuri. Haikuwa inakudanganya. Ilikuwa inakupa namba moja kutoka kwenye makisio mengi, bila kukwambia kwamba ni mengi.

Achana na kile kipicha cha wingu. Ofisi ya hali ya hewa ya serikali iliyoko Grand Forks, ndiyo inayoishika Fargo, huandika kila siku maelezo marefu ya wataalamu wenyewe: wanachokiamini, wanachokitilia shaka, na sababu zake. Bure, kwenye intaneti. Ya Minneapolis huandikwa na wenzao wa Chanhassen. Soma zote mbili, maana barabara yako ya kilomita 380 inapita kwa wote wawili. Tafuta neno upepo kabla ya neno theluji. Na ukiona “watch”, ujue wanaona uwezekano umefika kama nusu kwa nusu. Ikishakuwa “warning”, wameshaamini. Watu wengi huanza kufunga mizigo kwenye “warning”. Wewe umechelewa hapo.

Kwa hiyo kata shauri tarehe 17 asubuhi, usingoje zaidi. Wakitaja upepo mkali wa tarehe 19 au 20, unaondoka tarehe 18. Wasipotaja, unaondoka 19 kabla ya adhuhuri, kwa sababu Desemba jua linazama kabla ya saa 11 jioni na sitaki giza likukute St. Cloud. Tarehe 20 usiiguse kabisa, hata malaika akikuahidi mbingu buluu. Treni ipo, lakini inapita Fargo usiku wa manane na imetoka mbali, kule Pasifiki, ikivuka Montana. Theluji ya huko nayo inaichelewesha.

Utaniambia kuhusu zamu. Mfuate leo mwenzako asiyesherehekea Krismasi, mwambie utamshikia zamu yake ya Idi. Usingoje bosi apange ratiba ya Desemba. Na kulala Minneapolis siku mbili kwenye kochi la ndugu ni gharama ya kilo mbili za nyama. Tiketi nyingine unaijua bei yake.

Nyinyi watu wa Moshi kwani mnafundishwa haya? Ikifika Desemba Dar inabaki na sisi watu wa Korogwe, nyinyi mmeshakata tiketi za basi tangu Novemba. Fanya hivyo hivyo.

SWALI: Mzee, naendesha Winnipeg hadi Brandon kila wiki. Nibebe nini garini?
— *Baba Pendo, Manitoba*

JIBU: Blanketi mbili, kitu cha kutafuna, tochi, maji na koleo. Koleo likae ndani nyuma ya kiti chako, kwa sababu buti huganda na kugoma kufunguka siku unayolihitaji. Ukikwama, baki garini. Kabla ya kuwasha injini upate joto, toka ufukue kwanza bomba la moshi. Likizibwa na theluji ile hewa yake isiyo na harufu inarudi ndani na kukuua usingizini. Na chupa ya maji usiijaze mpaka juu. Yakiganda yanaipasua.