Barua kwa mwanangu: ule mwembe wa Kilosa

Mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama uache kazi mwaka huu ukasome uzamili wa uhandisi miundo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au usubiri miaka miwili mkopo wako uishe. Mimi nauliza kwanza: kwa nini miundo, hayo majengo na madaraja? Kwa nini si maji? Maji yana kumbukumbu, binti yangu. Nimewaambia hilo tangu mkiwa wadogo, na bado nalisema.

Lile kalavati tulilojenga Kilosa, njia ya maji chini ya barabara, unalijua kwa kusikia tu, maana mwaka 1997 ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Mwezi wa nane kijito kilikuwa kikavu, mbuzi wanapita katikati. Bibi mmoja mwenye shamba pale akanishika mkono mpaka kwenye mwembe, akaweka kiganja kwenye gome, juu ya kiuno changu. Chini ya kiganja gome lilikuwa na rangi ya tope. Juu yake, safi. "Maji hufika hapa," akasema. Nikavuta tepu, nikaandika kwenye daftari: mita 1.3 juu ya ukingo.

Mhandisi wetu, mwenye uzamili kama huo unaoutaka, alisema mti si kipimo. Tukalaza mabomba mawili ya milimita 600. Mimi fundi sanifu nikanyamaza. Ikaja mvua ya El Nino. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza tulikuta bomba limelala kwenye mahindi, barabara imekatika, na watoto wa shule wamesimama ng'ambo na madaftari kichwani. Yule bibi alinitazama, akasema, "Nilikuonyesha." Basi. Mpaka leo mvua ikipiga bati, namsikia.

Usidhani nasema shule haina maana. Mhandisi yule hakuwa mjinga. Kukokotoa mafuriko kunataka ujue eneo linalomwaga maji kijitoni, ukali wa mvua, na jinsi udongo unavyoinywa. Na kijito kile hakikuwahi kuwekewa kipimo. Hata ile njia ya kukadiria mafuriko ya Afrika Mashariki, waliyoitoa watafiti wa Uingereza mwaka 1976, ilitokana na vijito vya Kenya na Uganda. Angefanyaje? Nami nilikuwa na mita 1.3 zangu, nisijue kuzigeuza ziwe mita za ujazo kwa sekunde, yaani wingi wa maji yanayopita. Aliyesoma maji angechukua ile alama, mteremko wa kijito na umbo la bonde, akapata jibu. Angedai mabomba ya 900, ambayo uwazi wake ni zaidi ya mara mbili ya yale yetu.

Au labda haikuwa elimu. Labda nilikuwa mwoga, na uzamili hauondoi woga. Hapana, ningekuwa na hesabu mkononi ningesema. Nadhani ningesema.

Uache kazi au usiache, hilo sikuamulii. Mama yako amenikataza, ingawa ulimi unaniwasha, na ada utalipa wewe. Ila kabla hujajaza fomu, kamwone mwalimu atakayekusimamia, umuulize kama tasnifu yako inaweza kuwa ya vijito visivyopimwa. Daftari liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ukija Pasaka nitakupa. Ukurasa wa mwembe nimeukunja pembe.

Baba yako