Swala Kuhamia Mkononi

SWALI: Ndugu Mhariri, klabu yetu ya raga hapa Moshi inataka kubadili nembo na kuachana na jezi za pamba zenye kola. Wazee wanasema tunauza jina. Je, timu kubwa nazo hubadilika?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hubadilika, tena kwa ugomvi. Nchini Afrika Kusini, ambako swala, nembo ya timu ya taifa ya raga, alihesabiwa na wengi kuwa alama ya ubaguzi wa rangi, ua la protea liliongezwa kwenye jezi mwaka 1992, na miaka mitatu baadaye Nelson Mandela akaivaa jezi hiyo, namba 6 mgongoni, alipomkabidhi nahodha Francois Pienaar Kombe la Dunia. Baadaye ua lilipewa kifua cha kushoto, swala akasogezwa kulia. Na katika Kombe la Dunia la 2015, nembo ya mashindano ilipochukua nafasi hiyo, akahamia kwenye mkono wa jezi. Wapo waliochukizwa hadi leo.

Kuhusu kitambaa, wazee wenu wasiwe na hofu. Pamba ikilowa matope huwa nzito, na kola ni mpini wa bure kwa mkabaji. Ndiyo maana Uingereza ilicheza Kombe la Dunia la 2003, ambalo ilishinda, ikiwa na jezi za kubana mwili. Nembo ndiyo ya kujadiliwa polepole. Mwombeni fundi wa kudarizi awatengenezee sampuli moja, mwivalishe mchezaji, kisha mwiangalie kutoka ukingoni mwa kiwanja: kwa mfano, nembo ya mlima wenye mistari mingi ya theluji huonekana doa jeupe tu.